Kuchoma mafuta nyumbani: kazi ya vyuma ni ipi, na namna ya kuvipata kwa bei nafuu Nyanda za Juu Kusini

Mizani hutoa namba moja, lakini ndani ya namba hiyo mna vitu vitatu vinavyopanda na kushuka kila kimoja kivyake: maji, misuli na mafuta. Mtu aliyepungua kilo tatu ndani ya wiki mbili huenda amepoteza maji tu. Mwingine aliyepungua kilo moja kwa muda huohuo anaweza kuwa amefanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu kilo yake yote ilikuwa mafuta. Ukishavitenganisha vitu hivi vitatu, maswali mengi ya mazoezi ya nyumbani yanajibika: vyuma ni vya nini, uanze na kilo ngapi, na kwa nini mazoezi ya tumbo hayaondoi kitambi.

Maji ndiyo hutangulia kutoka na ndiyo hutangulia kurudi. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya wanga uliohifadhiwa hukaa na gramu tatu hivi za maji. Anayekata ugali na wali ghafla hushuka kilo moja hadi mbili katika siku chache, kisha husimama. Jasho nalo ni maji. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu utaona watu wakikimbia wamevaa majaketi mawili na turubai la plastiki kiunoni ili watoke jasho jingi. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, na inarudi yote kwa vikombe vinne vya chai. Hakuna gramu ya mafuta iliyoondoka kwa sababu ya jaketi la pili. Jaketi la kwanza livaliwe kwa ajili ya baridi, basi.

Misuli hupotea polepole, na hiyo ndiyo hasara ambayo wengi hawaioni. Mtu akijinyima chakula bila kuipa misuli kazi ngumu, mwili hula mafuta na misuli kwa pamoja. Anapungua kweli, lakini anabaki mlegevu, nguvu zimeisha, na akirudia mlo wa zamani zinarudi kilo za mafuta wakati misuli iliyoondoka hairudi yenyewe.

Mafuta yana hesabu yake. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kama kilokalori 7,700 (kilokalori ni kipimo cha nishati). Hutoka pale tu mwili unapotumia nishati nyingi kuliko inayoingia, na hutoka zaidi kwa njia ya pumzi: katika kilo 10 za mafuta yanayotumika, kilo 8.4 hivi huondoka kama hewa ya kabonidayoksaidi, na 1.6 kama maji. Mwili wenyewe ndio unaochagua mafuta yatoke wapi kwanza, kwa kufuata urithi, jinsia na umri. Ukipiga mazoezi ya tumbo 200 kila siku, misuli ya tumbo itakomaa chini ya kitambi kilekile.

Sasa tuangalie zoezi lenyewe linatumia kiasi gani. Nusu saa ya kunyanyua vyuma kwa mtu wa kilo 70 hutumia kilokalori 120 hadi 200. Saa moja ya kutembea haraka kwenye tambarare hutumia kama 300. Kupanda kunaongeza: kila mita 100 za kwenda juu humgharimu mtu huyo kilokalori 65 hivi zaidi ya mwendo wa kawaida, na ndiyo maana mtu wa Iringa anayetoka Ipogolo kwa miguu hadi mjini, au wa Mbeya anayepanda njia za kuelekea Loleza, anapata faida ambayo mwenzake wa pwani haipati barabarani. Lakini kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120. Nusu saa ya vyuma inaweza kufutwa na kijiko kimoja na nusu ambacho hakuna aliyekiona kikiingia kwenye sufuria.

Kwa hiyo upungufu wa nishati unatoka zaidi jikoni. Mazoezi yanaamua kinachotoka kiwe nini. Vyuma vinaupa mwili sababu ya kubaki na misuli, mwendo unaongeza matumizi kidogo kidogo, na mafuta ndiyo yanayobaki kuchukuliwa. Anayedhani vyuma peke yake vitamaliza kitambi atavichukia baada ya mwezi mmoja, na kosa si la vyuma.

Sufuria, kwa ufupi

Upungufu wa kilokalori 300 hadi 500 kwa siku unatosha. Kwa 500, hesabu inatoa kama nusu kilo ya mafuta kwa wiki. Ukikata zaidi ya hapo njaa inakushinda, usingizi unaharibika, na misuli inaliwa.

Unga wa mahindi una kilokalori 360 hivi kwa kila gramu 100 kabla ya kupikwa. Ugali wa gramu 200 za unga ni 720. Ukipunguza gramu 50 kwenye mlo mmoja umeokoa 180, na ukijaza nafasi hiyo kwa majani ya maboga au kabichi, tumbo halitasikia tofauti kubwa. Wali wa Kyela au wa Mbarali uko palepale na unga ukipima kabla ya kupika. Chipsi zina tatizo tofauti: kiazi cha Njombe kikichemshwa kina kama 85 kwa gramu 100, kikikaangwa kinazidi mara tatu, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia.

Tahadhari kubwa kwa watu wa Rungwe na Njombe ni parachichi. Ni chakula kizuri sana, lakini kubwa lenye nyama ya gramu 200 lina kilokalori 320. Likiliwa mahali pa mafuta ya kukaangia, sawa. Likiongezwa juu ya mlo uliokwisha kamilika, limekula mazoezi ya siku mbili. Vinywaji navyo vinahesabika: bia ya mililita 500 ni kama 200, soda ya mililita 350 ni 140, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku inakaribia 200. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, hesabu lita.

Protini ndiyo isipunguzwe. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku inalinda misuli wakati wa kupungua, yaani gramu 90 hadi 120 kwa mtu wa kilo 75. Zinapatikana bila nyama ya kila siku: gramu 150 za maharage makavu zina 31, nusu lita ya maziwa ina 16, mayai mawili 12, gramu 40 za dagaa wakavu zaidi ya 20, na unga wenyewe wa siku nzima unachangia kama 20. Jumla inafika 100.

Kilo ngapi zinatosha kuanzia

Misuli hubaki, au huongezeka, inapopewa kazi inayoisogeza karibu na kikomo chake. Kipimo chake ni hiki: ukimaliza seti, yaani mfululizo mmoja wa marudio kabla ya kupumzika, uwe umebakiza marudio mawili hivi ambayo ungeweza kuyafanya kwa umbo sahihi la zoezi. Kama ungeweza kuongeza kumi, uzito huo ni mwepesi na unakupa jasho tu. Kama umbo linavunjika kabla ya marudio nane, ni mzito mno.

Miguu na nyonga ni imara kuliko mabega mara nyingi, kwa hiyo uzito mmoja hautoshi mwili mzima. Mwanamke anayeanza huhitaji kilo 3 hadi 6 kwa kila mkono kwenye mazoezi ya kusukuma juu, na kilo 10 hadi 16 kwa mapaja na nyonga. Mwanamume anayeanza, kilo 6 hadi 10 kwa kila mkono, na 16 hadi 25 kwa miguu. Baada ya miezi mitatu au minne namba hizo zitakuwa ndogo. Hapo ndipo wanaonunua dambeli mbili zisizobadilika za kilo 5 wanapokwama: kwa mabega zinafaa bado, kwa miguu zilikuwa nyepesi tangu siku ya kwanza. Nazo haziongezeki.

Jambo la kununua ni uwezo wa kuongeza kidogo kidogo. Kutoka kilo 5 kwenda 10 ni kuongeza mara mbili, na bega halikubali. Kutoka 5 kwenda 6 linakubali. Rangi, mpira wa kung'aa na jina la kampuni havina kazi yoyote mwilini.

Madumu, viroba na zege

Dumu la lita 5 ndiyo dambeli ya kwanza ya kila nyumba. Likijaa maji ni kilo 5, likijaa mchanga mkavu ni kilo 8. Maji yana kasoro: dumu likiwa nusu, yanapiga huku na huku na kuvuta kiwiko. Tumia mchanga. Uanike juani siku mbili, uchekeche, umimine kwa faneli ya karatasi. Kila nusu lita ya mchanga mkavu ni gramu 800 hivi, na ni dambeli chache za dukani zinazokupa nyongeza ndogo nzuri namna hiyo. Chora mistari kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa dumu kila baada ya kupima. Mpini wa dumu ni mwembamba na unakata vidole. Uzungushie utepe wa tyubu ya baiskeli. Wakati wa masika, Desemba hadi Aprili, mchanga ambao kifuniko chake hakijakaza hunyonya unyevu na kuongezeka uzito, hivyo pima upya.

Pima wapi? Kwa muuza nafaka. Mizani yake inapima mpaka kilo mia, na atakupimia bure au kwa shilingi chache.

Kwa miguu na nyonga, kiroba kinafanya kazi kuliko dumu. Chukua kiroba kitupu cha unga cha kilo 25, lakini usimimine mchanga moja kwa moja: uzi wake unapitisha vumbi, na ukiachwa juani unakatika katika miezi michache. Kata miguu ya suruali kuukuu za jinzi, mpe fundi cherehani ashone upande mmoja mara mbili, jaza kilo 4 za mchanga, kisha funga au shona mdomo. Vifuko vinne ndani ya kiroba ni kilo 16. Toa kimoja, ni 12. Vifuko hivyohivyo viwili vikiingia kwenye begi la mgongoni vinageuza pushapu na skwati (kuchuchumaa na kuinuka) kuwa kazi nyingine kabisa. Begi libane mgongo. Likining'inia linakuvuta nyuma na kiuno kinalipa.

Zege lina faida ya kuwa dogo na kudumu. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege lina kilo 9 na nusu hivi. Makopo mawili kwenye bomba moja yanakupa babeli, yaani chuma kirefu cha kushika kwa mikono miwili, ya kilo 22 au 23 ukihesabu na chuma chenyewe. Kwa makopo mawili unahitaji saruji kilo 3 ya kupimiwa, mchanga mkavu sado moja (kopo la lita 4), kokoto ndogo sado moja na nusu, na maji lita moja na nusu. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Wengi humwaga maji mengi ili lishuke kirahisi, na zege la maji mengi hupasuka pembeni baada ya wiki chache za kutuliwa sakafuni. Vaa glovu, saruji mbichi inaunguza ngozi.

Bomba liwe la inchi moja, urefu wa mita 1.4. Kabla ya kumimina, toboa kila mwisho na pitisha kipande cha nondo cha sentimita 10, au mwombe fundi akuchomelee msalaba. Bila msalaba huo bomba litazunguka ndani ya zege ndani ya mwezi mmoja na kisha kuchomoka, na chuma kinachochomoka juu ya kifua si jambo dogo. Mimina kopo la kwanza, gongagonga ubavu mapovu yatoke, simamisha bomba wima kwa kamba tatu na usiliguse kwa saa 24. Kopo la pili unalimimina siku mbili baadaye, ukiwa umegeuza bomba juu chini. Lipime kwa timazi au kwa jicho la fundi, maana likilala hata kidogo babeli itaelemea upande mmoja daima. Mwagilia au funika kwa gunia bichi siku saba. Kwa Makete, Njombe na Mbeya wakati wa baridi zege hukomaa taratibu, kwa hiyo subiri wiki mbili kabla ya kulinyanyua. Nguvu yake kamili huhesabiwa kwa siku 28.

Mipira ya tyubu ambayo bodaboda hufungia mizigo inasaidia sana zoezi la kuvuta. Ipitishe kwenye nondo za dirisha zilizochomelewa, kamwe si kwenye kitasa cha mlango. Iangalie kabla ya kila zoezi. Yenye nyufa ndogo nyeupe itupwe, kwa sababu hukatikia usoni. Na anayetafuta tawi la kujivuta asitumie la mparachichi. Mti wake ni laini na huvunjika bila onyo.

Ukiamua kununua

Bei ya vyuma linganisha kwa kilo. Gawa bei kwa jumla ya kilo, kila mahali: duka la michezo, wauzaji wa mitumba pale SIDO na Mwanjelwa kwa watu wa Mbeya, Mashine Tatu kwa watu wa Iringa, na mafundi wa kuchomelea. Dambeli yenye bei ndogo ya kuvutia mara nyingi ni ya kilo 2, na kwa kilo moja moja ndiyo ghali kuliko zote.

Aina zinazouzwa ni tatu hasa. Chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, ni kidogo kwa umbo, hakipasuki kirahisi, na mtumba wake ni sawa na mpya. Kutu ya juu inasuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa mafuta kidogo. Visahani vya plastiki vyenye saruji au mchanga ndani huwa rahisi zaidi, lakini ni vinene, vinajaza fimbo kabla hujafika kilo unazotaka, na vikianguka kwenye sakafu ya saruji plastiki hufunguka mshono. Kagua mshono mzunguko mzima, kisha tikisa: ukisikia kitu kinachezacheza ndani, acha. Dambeli za mpira ni tulivu kwa nyumba ya kupanga yenye jirani chini au ukutani, ila unalipia utulivu huo.

Seti ya kubadilisha ya kilo 20, yaani fimbo mbili fupi na visahani, ndiyo ninayoiona ya maana kuliko zote kwa anayeanza na ana fedha ya kununua mara moja tu. Hakikisha ndani yake mna visahani vidogo, angalau vinne vya kilo 1.25. Kaza nati za mwisho kwa mkono, geuza dambeli wima, tikisa. Nati zinazolegea ndiyo hitilafu ya kawaida, na washa ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu, ikiwekwa kati ya nati na kisahani, inaiondoa.

Kosa linalorudiwa na mafundi na wanunuzi ni tundu la kisahani. Visahani vya kawaida vina tundu la milimita 28 hadi 30. Bomba linaloitwa la inchi moja lina unene wa nje wa karibu milimita 33.7, kwa hiyo haliingii. Linaloingia ni la robo tatu, lenye milimita 26.9. Visahani vya mashindano vina tundu la milimita 50, na vinakaa kwenye bomba la inchi moja na nusu, ambalo kwa nje ni milimita 48.3. Nenda hadiwea na kisahani mkononi. Bomba la robo tatu usilipakie zaidi ya kilo 40 kwa urefu wa mita moja na nusu, litapinda katikati.

Gereji za njia kuu, Uyole na Makambako, zina diski za breki za magari madogo zilizokwisha kazi, nyingi zikiwa kilo 5 hadi 8 kila moja. Tundu la katikati ni kubwa, hivyo fundi huchomelea kisahani cha bati nene chenye tundu la saizi yako. Ngoma za breki za malori ni nzito mno kwa nyumbani. Vipande vya reli na mifuniko ya chemba usinunue hata vikiletwa mlangoni kwa bei ya kutupa. Hivyo ni mali ya umma, na mwenye kukutwa navyo ana kesi.

Mazoezi matano

Siku tatu kwa wiki, zisizofuatana, zinatosha. Baridi ya huku inadai kupasha mwili dakika nane hadi kumi badala ya tano: piga hatua mahali palepale, zungusha mabega, kaa na kuinuka bila uzito, mpaka vidole vya mikono viwe na joto. Mgeni kutoka Dar es Salaam atahema zaidi ya alivyozoea kwa wiki moja au mbili, kwani kwenye mita 1,700 za Mbeya msukumo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Apunguze mwendo, asipunguze uzito.

La kwanza ni skwati ukiwa umekumbatia kiroba kifuani. Miguu upana wa mabega, shuka mpaka mapaja yalale sambamba na sakafu, magoti yafuate uelekeo wa vidole. Visigino vikiinuka, weka kipande cha ubao chini yake kwa muda.

La pili ni kuinama kwa nyonga, na hili ndilo linaloharibiwa zaidi. Simama ukiwa umeshika babeli au madumu mbele ya mapaja, legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa makalio. Uzito ushuke ukigusagusa mapaja, mgongo umenyooka tangu shingo hadi kiuno, mpaka usikie mvuto nyuma ya mapaja. Rudi kwa kusukuma nyonga mbele. Watu wengi hulifanya kama kuinama shambani: mgongo umepinda, mikono imetangulia mbele. Uzito ukiwa sentimita 30 mbele ya miguu, kiuno kinabeba mzigo mkubwa kuliko mizani inavyosema. Jifunze kwa kusimama hatua moja mbele ya ukuta, ukiupa mgongo, na kuugusa kwa makalio bila kuinua visigino. Ukiweza marudio 15 safi, ndipo ushike uzito. Anayelima kwa jembe la mkono au kuchota maji ataona faida ya zoezi hili nje ya mazoezi pia.

La tatu ni pushapu. Anayeshindwa aweke mikono juu ya meza imara au ukingo wa kitanda, na kushuka chini kadiri nguvu zinavyokuja. La nne ni kuvuta: mkono mmoja juu ya kiti, mgongo sambamba na sakafu, vuta dumu kuelekea kiunoni, kiwiko kikipita karibu na mbavu. La tano ni kusukuma madumu au dambeli juu ya kichwa, ukiwa umekaza makalio ili kiuno kisipinde nyuma. Babeli ya zege usiipandishe juu ya kichwa ukiwa peke yako.

Kila zoezi seti tatu za marudio 8 hadi 12, na pumziko la dakika moja na nusu hadi mbili katikati. Jumla ni dakika 40. Toa pumzi unaposukuma, vuta unaposhusha. Kuzuia pumzi hupandisha presha ghafla, na kwa mwenye presha tayari hilo ni hatari. Kipimo kikisoma 180/110 au zaidi, usinyanyue kitu, nenda kituo cha afya. Mwenye ngiri, mjamzito, aliyejifungua karibuni au anayetumia dawa za kisukari apate kwanza neno la mhudumu wa afya. Maumivu ya misuli ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo, au yanayoshuka mguuni kutoka kiunoni, si ya kuvumilia.

Siku zilizobaki, tembea. Dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima. Mvua ikizuia, kamba ya kuruka kwa dakika 10 hutumia kilokalori 100 na ushei kwa mtu wa kilo 70, ingawa mwenye kilo nyingi na magoti mabovu ni afadhali apande na kushuka kizingiti.

Kuongeza uzito na kupima maendeleo

Andika kwenye daftari: zoezi, kilo, marudio. Ukifikisha seti tatu za 12 kwa umbo zuri, ongeza kilo moja kwa mikono au mbili na nusu kwa miguu, urudi kwenye 8. Bila daftari utajikuta na dumu lilelile mwaka mzima.

Kiuno pima kwa futikamba ya fundi cherehani, asubuhi kabla ya kula, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetoka kawaida. Kwa wanaume hatari ya maradhi huanza kupanda kiuno kikipita sentimita 94, kwa wanawake 80. Mizani panda mara tatu kwa wiki, saa ileile, utafute wastani. Namba ya siku moja huchezewa na chumvi, hedhi na mlo wa jana usiku.

Kiuno kikipungua huku kilo za daftari zikipanda au kubaki, mafuta ndiyo yanayotoka, hata mizani ikisitasita. Mizani ikishuka haraka na nguvu zikishuka nazo, unapoteza misuli: ongeza protini, na rudisha sehemu ya chakula ulichokata. Vyote vikisimama kwa wiki tatu, pima mafuta ya kupikia kwa kijiko kwa siku saba kabla hujabadilisha kitu kingine. Mwili uliopungua kilo sita unatumia nishati kidogo kuliko ulivyokuwa, hivyo kiasi kilichokuwa upungufu mwezi wa kwanza kinaweza kuwa kimekuwa sawasawa sasa. Punguza kilokalori 100 hadi 150 nyingine, au ongeza dakika 20 za kutembea kila siku, na usiguse vyuma kwa kuvipunguza.

Baada ya zoezi futa vyuma kwa kitambaa kikavu, na masika yakianza vipake mafuta ya mashine mara moja kwa mwezi. Vilaze sakafuni ukutani, visirundikwe juu ya kabati: mtoto wa miaka miwili anaweza kuvuta kisahani cha kilo 5 lakini hawezi kukidaka.